Mjadala: Mshipa wa moyo ukizibuliwa, ni lazima stenti ibaki ndani?

MWANZISHA MADA: Wakuu, baba yangu amezibuliwa mshipa mkubwa wa mbele ya moyo. Alikuwa macho muda wote. Waya ulipitia kifundo cha mkono, ukapitisha puto dogo la kutanua mshipa. Puto lilipojazwa kifua kikambana, lilipolegezwa kikaachia. Kisha akawekewa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachouacha mshipa wazi. Sasa anameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kila siku, akijikata kidogo wakati wa kunyoa damu haikatiki upesi. Kwa nini chuma kibaki mwilini maisha yote, ilhali puto linafungua njia na kutolewa? Mimi nasema lijaribiwe puto kwanza.

MCHANGIAJI: Pole kwa kuuguza, ndugu. Puto peke yake lilishajaribiwa, tangu daktari Andreas Grüntzig alipoanza kule Zürich, Uswisi, mwaka 1977. Mshipa ulikuwa unanywea tena, au ukuta wake unachanika na kuziba mgonjwa akiwa bado mezani, anakimbizwa kupasuliwa kifua. Stenti ililetwa kuushikilia ukuta huo. Katika utafiti wa BENESTENT wa 1994, mishipa iliyosinyaa tena ilikuwa asilimia 32 kwa puto, 22 kwa stenti. Stenti zenye dawa ya kuzuia mshipa kusinyaa zikapunguza zaidi.

MWANZISHA MADA: Hilo ni puto tupu, mkuu. Nazungumzia lile lililopakwa paklitakseli, dawa ya kuzuia mshipa kusinyaa tena, linaloacha dawa ukutani bila kuacha chuma. Utafiti wa BASKET-SMALL 2 wa 2018 ulilipima dhidi ya stenti zenye dawa katika mishipa ya chini ya milimita 3, na baada ya mwaka matokeo yalikuwa sawa.

MCHANGIAJI: Kwa mishipa myembamba sikubishii. Hata stenti ikiziba kwa ndani, kuongeza chuma juu ya chuma ni kuibana njia, afadhali puto lenye dawa. Ila wewe umetaja mshipa mkubwa. Utafiti wa REC-CAGEFREE I ulifanyika China kwa wagonjwa 2,272, mishipa ya kila ukubwa, tena ile tu iliyokwisha kutanuliwa vizuri. Baada ya miaka 2, waliokufa kwa moyo, kupata shambulio au kurudiwa kuzibuliwa walikuwa asilimia 6.4 kwa puto lenye dawa na 3.4 kwa stenti. Matokeo yalitoka 2024. Mimi ningemwekea baba yangu stenti.

MWANZISHA MADA: Hapo umenishinda, kwa mshipa wake naondoa dai langu. Lakini haya uliyonieleza kwa dakika chache, mzee hakuelezwa. Hakuna aliyemuuliza. Alijua ana stenti siku ya kuruhusiwa, alipokabidhiwa kadi yake.