Nadharia kwanza au kibanda kwanza?

Mwanagenzi: Habari za humu, wakuu. Naanza mafunzo ya ukalimani na muhula wote wa kwanza ni nadharia: modeli ya Gile kuhusu mgawanyo wa nguvu za akili, nadharia ya maana ya Seleskovitch, kwamba mkalimani hutoa maana, si neno kwa neno. Kibandani, kile chumba kidogo anamokaa mkalimani akitafsiri, tutaingia baadaye. Mkalimani mmoja mzoefu kaniambia hayo ni kupoteza muda. Je, kuna anayeitumia nadharia kazini?

Mkufunzi: Ukiwa na vipokea sauti masikioni huna nafasi ya kuwaza nadharia. Faida yake utaiona ukikaa kusikiliza rekodi yako. Juzi mwanafunzi wangu aliruka sentensi nyepesi kabisa, ya shukrani tu, akajilaumu kwamba msamiati wake ni mdogo. Nikarudisha rekodi nyuma sekunde chache: mzungumzaji alikuwa ametaja takwimu tatu na jina refu la taasisi kwa mpigo. Zote alizitoa sawasawa! Ila nguvu ziliishia hapo, shukrani zikapita bila kusikika. Ndicho anachoeleza Gile: kusikiliza, kukumbuka, kusema na kuratibu hugombea uwezo uleule, na kosa linaweza kutokea baada ya pale palipokuwa pagumu. Bila kulijua hilo, binti wa watu angekesha akikariri maneno. Sasa anafanya mazoezi ya kuandika tarakimu papo hapo, na mwenzake kibandani humsaidia kuziandika.

Ninachopinga ni huo muhula mzima mkavu. Omba mpewe mazoezi tangu wiki ya kwanza, hata hotuba ya dakika tatu: sikiliza bila kuandika chochote, kisha itoe kwa lugha ya pili. Hapo Seleskovitch ataeleweka.

Mzee wa Kibanda: Lakini wakalimani wa kesi ya viongozi wa Wanazi kule Nuremberg mwaka 1945 walikuwa na nadharia gani? Kazi ilifanyika.

Mkufunzi: Ilifanyika, kaka, na heshima yao iko palepale. Ila walichujwa sana, na mezani paliwekwa taa ya njano ya kumtaka mzungumzaji apunguze kasi. Kikomo walikijua kwa vitendo. Gile na Seleskovitch nao walikuwa wakalimani. Waliandika waliyoyaona kazini.

Mwanagenzi: Asanteni sana. Rekodi nisikilize vipi?

Mkufunzi: Hotuba asilia sikio moja, sauti yako sikio la pili. Ukikuta pengo, usilishughulikie kwanza. Rudi nyuma uone ulikuwa umebeba nini.