Siagi ya karanga inanuka kama rangi ya mlango ikifika wiki ya sita. Majani ya rozimari yatanisaidia?

MamaWawili_Pasua
Habarini wakuu. Niko Pasua, Moshi, natengeneza siagi ya karanga nyumbani, chupa kama sitini kwa mwezi, nauzia majirani na maduka mawili. Mwezi mmoja baada ya kusaga siagi iko vizuri kabisa. Ikigonga wiki ya sita hivi, ukifungua kifuniko unakutana na harufu ya mlango uliopakwa rangi jana. Ukungu hauna, rangi haijabadilika, ila ukionja inakwaruza koo. Februari nilirudishiwa chupa kumi na moja kwa mpigo. Na mtu anakurudishia huku anakuangalia kana kwamba umemuuzia karanga za mwaka juzi.

Dawa za kuhifadhi sizitaki, maana wateja nimeshawaambia ni karanga na chumvi, basi. Nikasikia majani ya mlonge yanazuia chakula kuharibika. Nikayachemsha, nikachuja, nikamimina kikombe kimoja kwenye kilo tano. Jamani! Siagi ilikamata palepale, ikawa kama udongo wa kufinyangia, mwiko unasimama wenyewe. Siku ya tisa chini ya kifuniko kuna ukungu wa kijani. Kilo tano zote zilienda shimoni, hata kuku sikuwapa.

Sasa uani nina kichaka cha rozimari kimefika kiunoni, na nimeona pakiti ya soseji za nje imeandikwa ina dondoo ya rozimari, yaani kilichokamuliwa kwenye majani yake. Ni hii hii? Na hii nayo naichemshaje?

Jiko_la_Sakina
Pole sana dada, hizo kilo tano zimeniuma mimi. Lakini mambo ya miti kwenye chakula mbona huku kwetu ni ya zamani? Wachaga pombe yao ya mbege wanatia gome la mti wa msesewe. Wamasai kibuyu cha maziwa wanakisafisha kwa kijinga cha mzeituni mwitu, maziwa yanakaa na yananukia. Jaribu tu, saga majani changanya.

Mpimaji_Tengeru
Dada, usichemshe tena kitu chochote. Na usisage ukachanganya bado.

Siagi yako karibu nusu ni mafuta, na maji yake ni kama asilimia moja au mbili tu. Kwenye ukavu huo bakteria na kuvu hawapati pa kuzaliana, ndiyo maana hukuwahi kuona ukungu. Anayekuharibia ni hewa. Oksijeni inayashika mafuta, inayavunja kidogo kidogo, na vile vipande vinavyobaki ndivyo vinanuka rangi. Ulipomimina kikombe cha mlonge ukamkaribisha adui wa pili ambaye hakuwepo. Mlonge hauna kosa, kosa ni la maji.

Rozimari ni hiyo hiyo. Ulaya dondoo yake ina namba E392, imeruhusiwa tangu 2010. Wanaoizuia oksijeni humo ni asidi ya karnosiki na karnosoli, na hawa wanapenda mafuta na pombe, maji hawayataki. Ukichemsha kama chai unapata zaidi asidi ya rosmariniki, ambayo kwenye siagi haikai. Na yale mafuta ya rozimari ya kupaka nywele, yanayotolewa kwa mvuke, ni harufu tu: asidi ya karnosiki hairuki na mvuke, inabaki kwenye majani.

Kwa nyumbani fanya hivi. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike ukiyabana kwa vidole, yakipinda bado. Saga, tia vijiko viwili kwenye nusu kikombe cha mafuta ya karanga, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto kama saa moja, yasitoe moshi. Chuja kwa kitambaa kikavu. Anza na kijiko kimoja cha mafuta hayo kwa kilo ya siagi, uonje. Viwandani wanaondoa harufu, wewe huwezi, na ukizidisha wateja watakuambia siagi ina ladha ya mbuzi choma.

Majani mabichi ndani ya mafuta HAPANA. Humo bila hewa, kwenye joto la kawaida, ndipo bakteria wa botulini anapotengeneza sumu, na sumu hiyo huenda usiisikie kwa pua wala ulimi. Wala usiloweke kwenye spiriti ya kuwashia moto, ina methanoli.

Tena jani linachelewesha, halirudishi. Karanga iliyoanza kuchacha kabla ya kusagwa haina dawa. Halafu yale maganda mekundu unayopepeta, unayamwaga yote? Yana antioksidanti, yaani vizuizi vya oksijeni, nyingi kuliko unavyodhani. Bakiza kidogo, ila machungu kiasi.

Swali moja: dukani chupa zinakaa wapi?

MamaWawili_Pasua
Shikamoo mtaalamu. Zinakaa dirishani. Jua la saa nane linazipiga mpaka chupa inakuwa ya moto mkononi. Na aibu yangu ni kwamba mimi ndiye nilimwomba Mangi mwenye duka aziweke pale zionekane na wapita njia.

Mpimaji_Tengeru
Marahaba. Basi nusu ya jibu unalo. Mwanga na joto ndio wanaoisukuma hiyo oksijeni. Kabla hujatia jani kwenye mzigo wote, chukua chupa nne kutoka beseni moja: mbili zenye rozimari, mbili hazina. Kila aina moja dirishani, moja kabatini. Nusa kila Jumapili kabla ya kula chochote.

Nai_Moshono
Mimi nichomekee mawili. Moja, jani haliondoi sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Karanga zilizosinyaa, zenye madoa au zilizoota ukungu zitoe kwa mkono kabla ya kukaanga. 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuikaanga hakuimalizi. Pili, ukitia rozimari ile "karanga na chumvi, basi" imeshakuwa uongo. Iandike kwenye lebo. Wanaosimamia usalama wa chakula ni TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na lebo ndiyo kitu cha kwanza wanachoshika mkononi.

MamaWawili_Pasua
Narudi na matokeo, leo ni wiki ya saba. Ya dirishani isiyo na jani ilianza kunuka wiki ya sita kama kawaida yake. Ya dirishani yenye rozimari ndiyo kwanza naanza kuihisi, na mume wangu anasema hasikii kitu (lakini yeye hata gesi ikivuja hasikii). Za kabatini zote mbili nzima, ile isiyo na jani nayo nzima! Kwa hiyo kichaka changu kimeshindwa na kabati.

Lebo nimeshabadilisha, jani nitatia kijiko kimoja. Mangi naye amekubali kuzitoa dirishani, amezihamishia rafu ya nyuma yenye kivuli. Shida ni kwamba rafu hiyo ndiyo ya sabuni za unga na ubani wa mbu. Vifuniko vyangu si vya kubana sana. Itashika harufu?

Mpimaji_Tengeru
Itashika. Mafuta hayachagui harufu. Zitoe leo.