Tupeane uzoefu: kuwaandaa walimu wa Tehama kufundisha akili mnemba

MkufunziTehama: Wakuu, wanachuo wanakaribia kwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) na wengi wanakwama palepale: mashine inafunzwaje? Wekeni hapa mnachowafanyisha maabara, kwa hatua.

Bi Chaki: Teachable Machine, zana ya Google ya kufunza mashine kwa picha, inatosha, inafunguka kwenye kivinjari na haidai akaunti. Kundi moja embe bivu, jingine embe bichi, picha 50 kila kundi kwa kamera ya laptop, kisha funza. Mizunguko 50 ya kufunza inayokuja nayo iacheni ilivyo.

Balaa huwa mbele ya darasa. Mwanachuo anaweka embe bichi kwenye sahani, mashine inaandika BIVU, asilimia 97. Analigeuza. BIVU. Darasa linalipuka, naye anazima kompyuta. Kumbe mabivu yote yalipigwa picha kwenye sahani nyeupe, mabichi yakiwa mkononi. Mashine imejifunza sahani! Hapo msimwokoe haraka, kosa hilo ndilo somo lenyewe. Aulize darasa kwa nini, kisha apige upya: mandhari ileile kwa makundi yote, pembe na mwanga vibadilike, na maembe ya kujaribia yasiwe yaliyopigwa picha.

Mzee wa Router: Hii ya sahani!!! Ongezeni kundi la tatu, "hakuna embe". Bila hilo, ukiionyesha ukuta bado itataja embe, kwa sababu asilimia 100 lazima zigawanywe kwa makundi uliyoipa. Na wasihame kichupo wakati inafunza.

Kanda ya Ziwa: Shule isiyo na mtandao je?

Bi Chaki: Kadi 20 za mbegu: kunde, maharage, mahindi. Kundi A linatunga maswali ya ndiyo/hapana ya kutambua mbegu kwa kadi 14, kundi B linapima kwa 6 ambazo A halijaziona.

Mwl Nidhamu: Kwanza ChatGPT ipigwe marufuku kwenye andalio la somo. Wanaleta projekta kwa shule isiyo na umeme!

Mzee wa Router: Marufuku utaisimamia na nini? OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa kipimo chao cha kutambua maandishi ya mashine Julai 2023, usahihi ulikuwa mdogo. Mwanachuo alete andalio la mashine na lake, atetee kila alichokata. Dakika tano.

Mwl Nidhamu: Wanachuo 120, hizo ni saa kumi.

Kanda ya Ziwa: Ita kumi kwa kura, bila kuwatajia mapema. Wote watajiandaa.

Mama Maabara: Naungana na Bi Chaki. Ila nyuso za wanafunzi zisitumike kabisa kufunzia, maembe yapo.