Bwawa la kuogelea la umma litaendelea kuwa "awamu inayofuata" mpaka lini?

Wadau, nimechoka. Kila msimu wa bajeti ya michezo ni maneno yale yale: changamani ya michezo (yaani eneo moja la michezo mingi), upembuzi yakinifu, mchakato unaendelea. Ukiuliza bwawa liko wapi, unaambiwa lipo awamu inayofuata. Na hiyo awamu haifiki.

Uwanja wa Mkapa tulifungua 2007, watu 60,000. Sasa kwa ajili ya AFCON 2027 Arusha inapata uwanja wa watu 30,000. Sipingi, mpira naupenda na tiketi nakata. Lakini nionyesheni mtoto wa Temeke au Buza anakwenda wapi kujifunza kuogelea kwa bei ya mzazi wake muuza mboga. Hotelini? Nimempeleka wangu Jumamosi moja. Kiingilio chake peke yake kilizidi nauli yangu ya daladala ya wiki nzima, na bwawa lenyewe lina umbo la maharage, halina hata mstari mmoja chini, watu wazima wamesimama katikati wanapiga picha. Mtoto anajifunza nini pale?

Hata waogeleaji wanaotuwakilisha Olimpiki wanateseka. Rio 2016 tulipeleka Hilal Hilal na Magdalena Moshi, Paris 2024 wakaenda Collins Saliboko na Sophia Latiff. Bendera ni ya taifa, lakini mashindano ya taifa ya kuogelea tunafanyia kwenye mabwawa ya kuazima ya shule binafsi, ya mita 25, wakati la Olimpiki ni la mita 50. Wasiojua, hili si jambo dogo. Kwenye bwawa la mita 25, mbio za mita 100 zinakupa kuta tatu za kujisukuma. Kwenye la mita 50 unapata ukuta mmoja tu. Kijana aliyezoea kuta tatu, akifika Olimpiki zile mita za mwisho zinammaliza. Halafu tunamlaumu kwamba ameshika mkia! Wenzetu Kenya bwawa la Kasarani wanalo tangu Michezo ya Afrika ya 1987.

Na sizungumzii medali tu. Nchi hii ina bahari, ina Victoria, Tanganyika na Nyasa. Watoto wetu wanakufa maji kwenye madimbwi ya machimbo ya mchanga na mito wakati wa masika. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 2018 Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Siwezi kusema kuogelea kungewaokoa wote, wengi walinaswa ndani ya kivuko. Lakini mtu akishatupwa majini, kujua kuelea ndiyo nafasi pekee aliyonayo mpaka mtumbwi umfikie, na sisi nafasi hiyo hatuwafundishi watoto wetu.

Sasa wanaopanga wanisikilize. Kuchimba shimo ndiyo kazi rahisi. Bwawa la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 linameza lita milioni 2.5. Maji hayo yanatoka wapi kwenye jiji lenye mgao? Umeme wa pampu na machujio unalipwa na fungu gani? Dawa ya maji je? Haya yaandikwe kabla ya kukata utepe, la sivyo mwaka wa pili tutakuwa na dimbwi la kijani lenye vyura. Na pembeni kuwe na bwawa dogo la kina kifupi la wanaoanza, walimu na waokoaji walioajiriwa, vyumba vya kubadilishia nguo vyenye staha, na saa za wanawake peke yao. Bila hilo la mwisho, mama zetu wengi na mabinti hawatakanyaga, mnajua wenyewe.

London walijenga la Olimpiki ya 2012 likiwa na viti 17,500, michezo ilipoisha wakabakiza 2,500, na 2014 wananchi wakaingia. Waliwafikiria wananchi tangu kwenye mchoro. Sisi tunaanza na jukwaa la wageni rasmi.

Tena lisipelekwe porini kwa sababu ardhi ni rahisi. Liwe mahali ambapo mwanafunzi anashuka kwenye daladala au mwendokasi na kutembea.

Wabunge mnaopita humu, kaulizeni swali moja bungeni: kiwanja kipo wapi, na fedha ya ujenzi na ya uendeshaji imetengwa mwaka gani wa fedha? Wakijibu "mchakato", msikae chini. Ulizeni tena.