Hati ya Mustang ya 1967 imekataliwa, na gari la kila siku sijui nichukue lipi

Baba Zuhura, Houston

Wakuu, salaam.

Leo nimetoka ofisi ya kaunti mikono mitupu kwa mara ya tatu. Ni ile Ford Mustang ya 1967 niliyowaonyesha picha zake mwezi wa Machi. Nilipeleka 130-U, ile fomu ya kuomba hati ya umiliki, pamoja na hati ya zamani iliyosainiwa na muuzaji, na karatasi ya mauziano. Dada wa dirishani akalinganisha hati na picha ya kibati cha namba ya utambulisho ya gari, akanirudishia vyote. Hati inaanza 7F01C, kibati kinaanza 7R01C. Herufi moja! Kwake hayo ni magari mawili, na la pili sina karatasi zake.

Inaniuma kwa sababu kazi imefika pazuri. Sakafu ya upande wa dereva nimeikata yote na kuchomelea bati jipya. Injini, 289 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo), iko kwenye stendi imeshafanyiwa ovaholi. Sasa bila hati silikatii bima, na Corolla yangu imeua giaboksi wiki iliyopita. Kazini naenda kwa lifti ya jirani.

Kwa hiyo nauliza: nikichukua V8 ya kisasa, yaani ya silinda nane, ya kuendesha kila siku, iwe Challenger Scat Pack ya 2019 au Mustang GT ya 2018? Au ningoje hati kwanza?

Mjomba Sudi, Dallas

Pole sana mdogo wangu. Usihangaike nao, kachukue hati ya dhamana. Jaza fomu ya VTR-130-SOF, nunua dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari, ikipita miaka 3 hakuna aliyedai, imekwisha. Rafiki yangu alifanya hivyo kwa pikapu ya Chevrolet aliyoikuta shambani haina karatasi hata moja. Na hiyo F na R wala isikutie presha, ni herufi za rangi tu.

Fundi Hamisi, Columbus

Mjomba Sudi, shikamoo, lakini si rangi. Herufi ya pili ni kiwanda. F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen kule New Jersey. Hiyo 7 ya mwanzo ni mwaka, 01 ni hadtopu ya milango miwili, C ni 289 ya kabureta ya matundu mawili. Mtu yuko na shida, tusimpe ya kubahatisha. Dhamana nayo ni ya asiye na karatasi. Huyu anayo, ila imekosewa.

Baba Zuhura, ulipiga picha kibati kipi? Cha mlangoni kimefungwa kwa ribiti tu, na vipya vinauzwa. Namba inayohesabika imegongwa kwenye bati la ndani la madigadi, upande wa dereva, juu. Fungua boneti utaona madigadi imekatwa pengo ili isomeke. Na tafadhali USIPIGE MSASA. Mkaguzi akiona mikwaruzo atasema umechezea namba. Paka dawa ya kulainisha rangi, subiri, futa kwa kitambaa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Herufi zitajaa chaki utazisoma kama ubaoni. Ya kwangu ilikuwa na tabaka tatu za rangi, mguu wa R umeziba kabisa. Aliyenakili kwa mkono miaka hiyo alikuwa ameandika P.

Mama Kendi, Minneapolis

Pole kaka. Kwetu HOA, chama cha wenye nyumba cha mtaa, walituandikia barua mbili kwa sababu ya Camaro ya mume wangu iliyokaa kwenye mawe mbele ya nyumba, ikabidi tukodi gereji. Wewe unayo gereji?

Kuhusu gari la kila siku, kuna jambo hamjamwambia. Bima za magari ya zamani, zile za thamani mnayokubaliana, kwa kawaida hazikupi sera kama huna gari lingine la matumizi ya kila siku. Kwa hiyo usingoje hati. Gari la pili litakuhitajika hata hati ikitoka.

Mimi nimeendesha Challenger miaka minne. Watoto wangu wawili wanakaa nyuma bila magoti kugusa kiti. Mustang huko nyuma ni mahali pa kuweka begi. Na Dodge waliacha kuitengeneza Challenger Desemba 2023, haitashuka bei haraka.

Fundi Hamisi, Columbus

Dada Kendi, kwa bima umesema kweli. Ila Challenger ni nzito, inakaribia kilo 1,900, na hizo zenye injini ya 392, yaani Scat Pack, zinaibwa mno, uliza bima kabla hujaweka saini. Anayejenga ya 1967 akiwa na GT ya sasa anaishi na Ford moja tu: duka moja, marafiki wale wale wa spea. Tangu 2015 wameiwekea miguu huru nyuma, kila gurudumu linacheza peke yake, inakanyaga vizuri hata njia mbovu.

Mzee Mollel, Seattle

Mmenikumbusha mbali. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, Moshi hadi Dar siku nzima, vumbi hadi ndani ya masikio. Pasaka tulisimama barabarani kuingoja Safari Rally. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo kuukuu, na sisi watoto tukawa tunachora Volvo kwenye madaftari hadi mwalimu akachoka. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha nyumbani 404 moja niitunze hadi nife.

Mama Kendi, Minneapolis

Kwetu Kenya mzee wangu usahau, gari likizidi miaka 8 haliingii, na usukani wa kushoto ndiyo kabisa. Wanaotunga hizo sheria hawajawahi kupenda gari la baba yao.

Mjomba Sudi, Dallas

Na huku nako vipuri vingi vya nje vilipigwa ushuru wa asilimia 25 Mei 2025. Bampa niliyoulizia juzi imepanda hadi nimeiacha. Tukianza siasa hatumalizi.

Fundi Hamisi, Columbus

Tusianze basi. Baba Zuhura, umeangalia?

Baba Zuhura, Houston

Nimeangalia jana usiku, mke ameshika tochi. Dawa ilichukua dakika ishirini. Rangi ya juu nyekundu, chini yake buluu, chini kabisa kijani cha kiwandani. Nikasugua chaki ya binti yangu ya shule. 7R01C, na namba zote sita zinazofuata ni sawa na za kibati cha mlangoni. Gari ni la San Jose, hati ndiyo iliyokosewa. Nimeshusha pumzi, wakuu, nilianza kuogopa kwamba nimeuziwa gari la wizi.

Nimepiga simu kwa askari wa wizi wa magari waje wakague na kunijazia VTR-68-A, fomu ya ukaguzi wa namba ya gari. Wamesema wiki tatu. Jirani yangu naye anahama mwisho wa mwezi. Challenger au Mustang?

Mjomba Sudi, Dallas

Nilikosea kwenye herufi, Fundi yuko sahihi. Mdogo wangu, ukaguzi ukifanyika kwao na si kwako, usikodi. Trela ninalo, nitashuka nalo mwenyewe. Hiyo chaki usiifute kabla hawajaiona.