Mjadala: Serikali ipange bei ya juu ya dawa za cheti Unguja na Pemba?

Mfamasia, Chake Chake:
Ipange. Soko huru linamtaka mnunuzi aweze kusema "siitaki" akaondoka. Mgonjwa wa presha hawezi: dawa kachaguliwa na daktari, na akiacha amlodipini anajiweka karibu na kiharusi. India, kwa agizo la 2013 la bei za dawa muhimu, hukusanya bei ambazo maduka huuziwa kwa kila chapa yenye angalau asilimia 1 ya soko la dawa hiyo, hutafuta wastani, kisha huongeza asilimia 16 ya faida ya duka. Kupita hapo ni kosa.

Muagizaji, Darajani:
Dada yangu, India wanatengeneza wenyewe, sisi tunaagiza kwa dola. Shilingi ikiteremka na bei imefungwa, mzigo unaofuata hauagizwi. Itakayotangulia kuadimika ni insulini. Inadai nyuzi 2 hadi 8 njia nzima mpaka bandari ya Mkoani, Pemba: sanduku la baridi, barafu isiyogusa vichupa (ikiganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka tena), na jenereta umeme ukikatika. Amoksilini, antibiotiki ya kawaida, haina gharama hizo. Tena faida ya asilimia inamvuta muuzaji kwenye dawa ghali: asilimia 16 ya shilingi 20,000 ni 3,200, ya 2,000 ni 320 tu. Atamshauri mgonjwa achukue ipi?

Mfamasia, Chake Chake:
Kwenye asilimia umesema kweli, naiacha. Basi iwe ada moja ya kutoa dawa, sawa kwa ya bei ndogo na kubwa, na juu yake ada ya baridi na nauli ya Pemba. Afrika Kusini tangu 2004 mtengenezaji anauza kwa bei moja kwa wanunuzi wote wa sekta binafsi, bila ya bonasi, na ada ya duka ina kikomo.

Tabibu, Wete:
Yote hayo hayasaidii ikiwa cheti kinaandikwa chapa, yaani jina la kibiashara, badala ya jina la dawa yenyewe. Kwa kisukari, kiandikwe metformini miligramu 500, duka litoe iliyosajiliwa ya bei nafuu. Isipokuwa dawa za kifafa kama fenitoini: tofauti ndogo kwenye damu inarudisha degedege au inamlevya mgonjwa, asibadilishiwe chapa ovyo. Na bei ibandikwe kwa dozi kamili. Ikibandikwa kwa kidonge, watu wananunua antibiotiki sita kati ya kumi na tano, na usugu wa vijidudu kwa dawa unaongezeka.

Muagizaji, Darajani:
Ada ya baridi naikubali. Lakini bei ipitiwe upya kila miezi mitatu kwa kufuata dola, na muda huo uandikwe ndani ya kanuni. Bila ya hilo bado napinga.