Stika ya ukutani isiyong'oa rangi: naomba ushauri

Hamjambo wanakikundi. Naomba mnisaidie kabla sijaharibu ukuta wa wenyewe.

Nimepanga Migosi, hapa Kisumu. Nataka kumbandikia binti yangu stika ya twiga chumbani, urefu kama mita 1. Ukuta una rangi ya maji isiyong'aa, iliyopakwa upya wiki 3 tu zilizopita. Ukipitisha kiganja, vidole vinabaki na unga mweupe, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi hasa.

Nilijaribu kipande kidogo nyuma ya mlango. Siku ya nne nilipokivuta kilitoka na rangi, sehemu kama sarafu ya shilingi 20, plasta ikabaki wazi. Kumbe duka lilinikatia vinili (plastiki nyembamba ya stika) ya gundi ya kudumu, ile ya mabango ya nje. Sasa nimeshauriwa nitafute vinili aina ya Oracal 631, ambayo gundi yake ni ya kubanduka.

Je, 631 itashika na kutoka salama kwenye rangi inayotoa unga, au lazima nipake kwanza koti moja ya rangi ya silki, ile yenye mng'ao kidogo? Na rangi mpya mliipa wiki ngapi kukomaa kabla ya kubandika, kwa joto na unyevu huu wa ziwani?

Asanteni sana.